Kulea familia kwenye makazi ya mpango kabambe: niliyoyajua baada ya kuhamia

Anayekwenda kutazama nyumba hufungua mabomba, hugonga kuta na kuhesabu vyumba. Sisi pia tulifanya hivyo. Lakini nyumba iliyo ndani ya makazi ya mpango kabambe, yaani makazi yaliyochorwa yote kwa pamoja tangu mwanzo, haiji peke yake. Inakuja na serikali ndogo yenye katiba yake, kodi yake, walinzi wake na kura zake, na hiyo ndiyo iliyoamua namna familia yetu inavyoamka, inavyokwenda shule, inavyoanika nguo na inavyomtunza bibi. Nawaandikia wazazi ambao sasa hivi wana kijitabu cha mauzo mezani na wanajadiliana usiku watoto wakiwa wamelala.

Tulihama kwa sababu za kawaida. Nyumba ya kupanga ilikuwa imetubana, barabara ya mbele ilipita magari ya mizigo, na watoto walikuwa wanakulia ndani. Makazi mapya yalikuwa na njia za miguu, bustani, na barabara zisizopenya ambako gari la mpita njia haliingii. Katikati ya mchoro palikuwa na shule. Ile shule ndiyo iliyotufanya tusaini.

Tulipohamia, mahali pa shule palikuwa na majani yanayofika magotini na bango. Shule ilipangwa awamu ya nne, nasi tulikuwa awamu ya pili. Hakuna aliyetudanganya kwa mdomo, maana kijitabu kilikuwa na mstari wa herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwisho, unaosema kwamba michoro ni ya kielelezo na inaweza kubadilika. Ahadi ni deni, lakini deni lililoandikwa hivyo halidaiki.

Kwa hiyo chukueni mchoro na kalamu za rangi tatu. Rangi moja ni ya kilichokwisha kujengwa, mkakione kwa macho. Ya pili ni ya kitu chenye kibali na tarehe iliyoandikwa ndani ya mkataba. Ya tatu ni ya kinachokusudiwa. Halafu amueni kana kwamba hicho cha tatu hakipo kabisa. Mchoro wa kuuamini ni ule uliopitishwa na mamlaka ya mipango miji, na mara nyingi mwananchi anaruhusiwa kuuomba na kuuona. Ulizeni pia kiwanja cha shule kikikaa miaka bila kujengwa, nani ana mamlaka ya kubadilisha matumizi yake, na kama wakazi wanapiga kura au wanapewa taarifa tu.

Kuweka shule katikati si pambo la wauzaji. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry aliandika kwamba ujirani uwe na watu wa kutosha kujaza shule moja ya msingi, barabara kuu zipite pembezoni, na mtoto atembee kama robo maili hivi, yaani mita 400 hivi, bila kuvuka barabara kubwa. Kipimo hicho mtu anaweza kukipima kwa miguu yake, akiwa na mtoto mkononi, kabla ya kulipa chochote. Sisi watoto wetu walipata shule ng'ambo ya barabara ya nje, yenye njia nne na magari yasiyopunguza mwendo. Ikawa kila asubuhi ni gari, kila alasiri ni gari. Mume wangu akawa anafika kazini amechelewa, na mimi nikaacha zamu za asubuhi zilizokuwa na malipo mazuri. Hiyo ni gharama ya nyumba kama zilivyo nyingine, ila haimo kwenye hesabu anayokupigia afisa mauzo.

Nije kwenye fedha, kwa sababu ndizo zilizotugombanisha nyumbani.

Ada ya huduma ya kila mwezi ilikuwa ndogo mwanzoni, nasi tukaijumlisha na mkopo wa nyumba tukaona tunaimudu. Ada hiyo ndiyo inayolipa walinzi, taka, taa za barabarani, bustani, bwawa la kuogelea na pampu za maji. Kinachotakiwa kujulikana ni kwamba wakati nyumba bado zinauzwa, mwendelezaji, yaani kampuni inayoyajenga na kuyauza makazi, huwa na sababu ya kuiweka ada chini, na mara nyingi huziba pengo kwa fedha zake mwenyewe. Siku makazi yanapokabidhiwa kwa chama cha wamiliki, lile pengo linabaki kwa wakazi. Kwetu ada ilipanda karibu maradufu. Hakukuwa na wizi. Gharama halisi ndizo zilizojitokeza.

Kuna kitu kingine kinaitwa mfuko wa akiba. Lami huchakaa, pampu hufa, uzio huanguka, na yote hayo ni mali ya pamoja. Mfuko ukiwa mtupu, chama hutoza mchango maalumu: kila nyumba itoe kiasi kikubwa kwa mkupuo. Pampu kuu ilipoungua, barua ya mchango ilitukuta wiki ileile tuliyolipa ada za shule. Mume wangu alitaka tugome. Nilimwambia kwamba katika sehemu nyingi chama kina haki ya kuweka zuio kwenye hati ya nyumba ya mdaiwa, na pengine hata kuipeleka mnadani. Tulilala bila kusemezana. Tuliishia kulipa kwa awamu, baada ya kwenda wenyewe kwa mweka hazina na kuomba kwa maandishi. Nawashauri mfanye hivyo mapema, kabla tarehe ya mwisho haijapita, kwa sababu anayeomba kabla husikilizwa kuliko anayejieleza baada.

Kabla ya kununua, ombeni karatasi hizi: bajeti ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, hesabu zilizokaguliwa, salio la mfuko wa akiba, orodha ya matengenezo makubwa yanayotarajiwa, na idadi ya nyumba zinazodaiwa ada. Hiyo ya mwisho inaeleza mengi. Nyumba nyingi zikiwa hazilipi, wanaolipa ndio watakaozibeba.

Sasa lile la makabidhiano, ambalo nalisisitiza kuliko yote. Kwa kawaida mwendelezaji anabaki na kura nyingi kwenye chama mpaka sehemu fulani ya nyumba iwe imeuzwa. Kiwango hicho kimo ndani ya katiba ya chama, kitafuteni. Ikifika hapo, wakazi wanapokea barabara, mifereji, kuta za kuzuia udongo, mabomba na madeni. Wengi walikuja kwenye mkutano huo kupiga picha na kunywa soda. Jirani yetu mmoja, mzee mstaafu aliyekuwa amefanya kazi za ujenzi maisha yake yote, alisimama akasema tusipokee kitu bila mhandisi wetu wenyewe. Baadhi walimnung'unikia kwa kuchelewesha shughuli. Tukachanga, tukamwita mhandisi.

Yule mhandisi aliomba ndoo. Akamwaga maji katikati ya barabara ya safu yetu, tukasimama tukiyatazama. Maji yalitambaa hadi ukingoni, yakafika kwenye mdomo wa mfereji ambao ulikuwa umeinuka kidogo kuliko lami, yakashindwa kuingia, yakageuka kuelekea kwenye geti la jirani. Akaandika. Akafunua mifuniko ya mashimo ya majitaka mmoja baada ya mwingine. Mingine ilikuwa na zege lililomwagika ndani wakati wa ujenzi likaganda. Akaandika. Orodha yake ilijaza kurasa, na kwa kuwa muda wa dhamana ulikuwa haujaisha, kazi nyingi zilirudiwa kwa gharama za mwendelezaji. Kama tungesaini siku ile ya soda, zote zingekuwa zetu. Katika mazungumzo hayohayo ndipo tulipopata pia maandishi kwamba kiwanja cha shule hakibadilishwi matumizi bila theluthi mbili ya kura za wamiliki.

Watoto walifurahia makazi haya kuliko sisi, angalau wale wadogo. Baiskeli, mpira, kwenda kwa rafiki bila kusindikizwa: waliyapata yote. Lakini hawakucheza mahali walipopangiwa. Makazi yetu yanafuata mtindo ulioanzia Radburn, jimbo la New Jersey, Marekani, mwaka 1929, ambapo wasanifu Clarence Stein na Henry Wright walielekeza nyumba kwenye bustani ya pamoja, magari wakayapeleka nyuma, na njia za miguu zikapita chini ya barabara ili mtoto na gari wasikutane. Ni wazo zuri, na naliheshimu. Hata hivyo watoto wetu walikimbilia nyuma, kwenye lami, kwa sababu huko ni tambarare, ni karibu na jikoni, na ndiko watu wanakotokea na kuingilia. Bustani ya mbele ilibaki nzuri na tupu. Hatari ya huku nyuma ni gari linalorudi kinyumenyume. Tuliomba matuta na vioo vya kona, na tukakubaliana wazazi wa safu moja kwamba mtu mzima azunguke gari lake kwa miguu kabla ya kuliwasha. Hakuna mchoro unaoweza kuonyesha mahali watoto watakapocheza. Nendeni jioni mkawaone.

Binti yetu mkubwa aliingia ujanani palepale, na kwake mpango ulikuwa haujafikiria chochote. Kulikuwa na bembea za wadogo, bwawa linalodai mzazi awepo, na ukumbi wa kukodi. Yeye na wenzake walikaa kwenye ukingo wa maua karibu na lango, wakizungumza tu. Walinzi wakawafukuza. Wakahamia ngazi za ukumbi, barua ikaja: "vijana wanaozurura". Neno hilo lilimuumiza mwanangu. Aliniuliza, "Mama, sasa sisi tukae wapi?" Nami sikuwa na jibu, kwa sababu kweli hapakuwa na mahali.

Nilikwenda kwenye mkutano na swali lake hilohilo, bila kulipamba. Kilichosaidia ni kwamba tulikwenda na pendekezo lenye mipaka: kiwanja kidogo cha mpira wa kikapu kwenye kona isiyopakana na vyumba vya kulala, taa zinazozimika saa tatu usiku, na vijana wenyewe kuwajibika kwa usafi. Ukipeleka malalamiko, kamati itakusikiliza na kukushukuru. Ukipeleka mchoro, makadirio ya gharama na saa ya kuzima taa, kamati italazimika kupiga kura. Ilichukua muda mrefu, na mara ya kwanza tulishindwa. Lakini kiwanja kipo. Kama mna mtoto atakayefikisha miaka 13 hivi karibuni, msiangalie bembea. Tafuteni mahali ambapo kijana anaweza kukaa bure, akiwa anaonekana lakini asisikilizwe.

Halafu mama mkwe akaja kuishi nasi, magoti yakiwa yamechoka. Tulihitaji njia ya mteremko badala ya ngazi mbili za mlangoni, na kishikio cha chuma ukutani. Kanuni zinasema badiliko lolote la nje lipite kwenye kamati ya usanifu. Kamati ilitaka michoro, ikataka rangi ya kishikio, ikaahirisha kikao. Wakati huo wote mume wangu alikuwa akimshika mama yake mkono kila atokapo na kila aingiapo. Nilijifunza baadaye kwamba nchi nyingi zina sheria inayozipita kanuni za chama katika jambo hili. Kwa mfano, sheria ya makazi ya Marekani, kwa marekebisho ya mwaka 1988, inakataza kumnyima mtu mwenye ulemavu ruhusa ya kufanya kwa gharama zake marekebisho ya busara anayoyahitaji. Ulizeni sheria ya kwenu inasemaje, na kwenye ombi lenu itajeni, mkiambatanisha barua ya daktari. Ombi letu la pili, lililoandikwa hivyo, lilijibiwa haraka.

Shida ya ngazi ilipokwisha, ulibaki upweke wa mchana. Kufikia saa mbili asubuhi makazi yetu huwa matupu. Mama alikuwa akikaa barazani, akiangalia barabara safi isiyo na mtu. Watu wa kwanza kumfahamu walikuwa mtunza bustani na mlinzi wa zamu ya mchana. Alitaka kutembea hadi madukani, lakini njia nzima haikuwa na hata mahali pamoja pa kupumzikia. Tuliomba mabenchi. Waliosanifu njia ile walikuwa wamewaza mtu anayekimbia kwa mazoezi, hawakumwaza mtu anayehitaji kukaa kila baada ya hatua mia. Yalipowekwa matatu tu, mama alianza kutoka, na mabenchi yaleyale yakawakutanisha na yeye wazee wengine watatu wanne waliokuwa wamejifungia ndani vilevile.

Huyo mtunza bustani na huyo mlinzi hawakuwa na choo cha karibu wala kivuli cha kulia chakula chao. Wadada wa kazi walikuwa wanapekuliwa mikoba langoni mbele ya kila mtu. Kwa jambo hili sina upole. Familia isiyofundisha watoto wake kuwaona watu wanaowalinda na kuwafulia inawalea vibaya, hata bustani iwe nzuri kiasi gani. Tuliandika barua tukiwa nyumba kadhaa, upekuzi wa hadharani ukasitishwa, kikajengwa chumba cha mapumziko. Mkitembelea makazi mnayotaka kununua, ulizeni wafanyakazi wanapumzikia wapi. Jibu litawaambia ni majirani wa namna gani mtakaoishi nao.

Kuhusu majirani wenyewe, nilikuja nikidhani mpango utatukutanisha. Waliopanga walijaribu. Columbia, mji wa jimbo la Maryland, Marekani, ulioanzishwa na mwendelezaji James Rouse mwaka 1967, uliweka masanduku ya barua ya pamoja ili watu wakutane wakifuata barua zao, na vituo vya ibada vya pamoja kwa dini mbalimbali. Kwetu kulikuwa na ukumbi, lakini ulifungwa mpaka mtu alipie. Kilichotukutanisha ni ile shida ya shule: wazazi wa safu yetu tuligawana zamu za kuwapeleka watoto, na kupitia hizo nikapata watu wa kuwaachia funguo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto wetu mdogo alipobanwa na pumu usiku, aliyetupeleka hospitali ni baba wa nyumba ya tatu.

Kundi la WhatsApp la wakazi, kwa upande mwingine, lilitutesa. Mbwa wa fulani, kelele za fulani, picha ya gari la fulani. Siku moja ikatumwa picha ya kamba yetu ya nguo, kabla hata ya barua rasmi kufika. Kanuni ilikataza nguo kuonekana kutoka nje. Nilijisikia kama nimechunguliwa chumbani. Nilijibu kwa barua, si kwenye kundi: nikaomba kifungu kinachotumika, nikaondoa kamba, kisha nikaanza kutafuta saini za kubadilisha kifungu ili kuanika nyuma kuruhusiwe. Kubadilisha kanuni huhitaji kura nyingi, na mikutano mingi hukwama kwa kukosa akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa. Dawa yake ni fomu za uwakilishi. Tulizipeleka mlango kwa mlango kwa wasioweza kuhudhuria, wakasaini, na akidi ikapatikana. Sasa tunaanika nyuma. Na kundi likagawanywa mara mbili: moja la dharura tu, jingine la mengineyo, na sharti kwamba anayemlalamikia jirani ampigie hodi kwanza.

Mtu akinitembelea kutazama nyumba inayouzwa safu yetu, humwambia asirudi mchana wa Jumapili, wakati kila kitu kimefagiliwa. Aje asubuhi ya siku ya kazi aone foleni ya langoni inachukua dakika ngapi. Aje usiku aone taa zipi haziwaki. Aje mara tu baada ya mvua kubwa, avae viatu visivyoogopa tope, afuate maji yanakokwenda. Azungumze na mlinzi, na mama mwenye kigari cha mtoto, na kijana yeyote atakayemkuta amekaa peke yake. Kisha aombe katiba ya chama na hesabu zake, aende nazo nyumbani azisome zote na mwenzake. Wakimwambia hazitolewi mpaka alipe malipo ya awali, ashike njia yake.